Flashi ya kujazia uso, jua likiwa nyuma

Ndugu, nimekuelewa: ukipiga picha asubuhi pale Coco Beach, Dar es Salaam, jua linatokea baharini, nyuma ya maharusi, na nyuso zinatoka nyeusi. Usiongeze mwanga wa picha nzima, anga litaungua, yaani litatoka jeupe tupu. Weka kamera kwenye M (unapanga mwanga mwenyewe), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/200 ya sekunde. Anzia f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ubane tundu hilo, yaani upandishe namba ya f, mpaka anga lirudishe rangi. Ndipo uwashe flashi kwa TTL (kamera inapima yenyewe nguvu ya flashi), uishushe hadi -1 ili mwanga wake upungue, usimame mita 2 au 3. Uso bado mweusi? Sogea karibu kwanza.

Shata ikizidi kasi inayoendana na flashi (kamera nyingi 1/200 au 1/250), utepe mweusi utakata picha. Na usilitazame jua kupitia lenzi ndefu, linaunguza jicho kabisa.