Kuchagua Vitabu vya Mazoezi Unaporudi kwenye Piano

Wenzangu mnaorudi kwenye piano baada ya miaka mingi, hasa ninyi wa kwaya za hapa Mwanza mlioacha kujifunza mlipoanza kazi au kulea watoto, nawasihi msichague kitabu kwa kukumbuka mlikofika zamani. Mara nyingi vidole hurudi mapema kuliko macho. Mtu aliyeimba kwa solfa miaka yote hiyo bado ana sikio zuri, lakini nota za mkono wa kushoto, zinazoandikwa kwenye ufunguo wa F, huwa zimemtoka, hata akikifungua kitabu alichokiacha hujikuta anahesabu mistari badala ya kupiga. Fungua ukurasa wa katikati, upige mistari miwili polepole kwa mikono yote miwili. Ukikwama kila baada ya nota chache, tafuta kitabu chepesi zaidi bila kuona haya.

Wengi hukimbilia kitabu cha mtunzi Hanon, mazoezi 60 yaliyochapishwa Ufaransa mwaka 1873. Yanasaidia vidole kupata usawa, nami siyakatai, ila yale 20 ya mwanzo yote yako katika C meja na mikono yote miwili hupiga kitu kilekile, kwa hiyo hayakufundishi kusoma wala kuuzoeza mkono wa kushoto kufanya kazi yake peke yake, na anayesindikiza kwaya anayahitaji mambo hayo mawili kuliko kasi. Zaidi ya hapo, agizo lake la kuinua vidole juu sana, ambalo walimu wengi wa leo wameliacha, linaweza kukaza mkono wa mtu mzima. Dakika tano zinatosha, na ukihisi maumivu kwenye kifundo cha mkono, acha kwa siku hiyo.

Kama uwezo wako ni wa kitabu kimoja tu, chagua cha mtunzi Burgmüller, opus 100 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Ni etudi, yaani vipande vya mazoezi, 25 fupi, kila moja ina jina lake na wimbo wake, na ugumu umefichwa ndani ya muziki wenyewe: ile ya pili, kwa mfano, humpa mkono wa kulia nota za haraka, kisha huugeuzia kazi hiyohiyo mkono wa kushoto. Mtu aliyechoka na kazi za mchana hukaa na kitabu kama hiki kwa hiari, na kitabu kinachofunguliwa kila jioni ndicho kinachojenga mkono. Mazoezi ya mtunzi Czerny yafuate baadaye, kuanzia opus 599, kisha 849, na 299 ya kasi mwishoni.

Watunzi hawa watatu walifariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, hivyo matoleo ya zamani hupatikana bure kwenye intaneti na unaweza kuyachapisha mjini. Kagua kwanza kama namba za vidole zinasomeka, kwa sababu kopi hafifu huzifuta, na bila hizo utajizoeza vidole visivyo sahihi.

Kuhusu vitabu vya skeli, yaani ngazi za nota zinazopanda na kushuka, tazama pia kinanda chako. Chenye vibonye 61 kina oktava tano tu; skeli ya oktava nne kwa mikono miwili iliyoachana kwa oktava moja huzimaliza zote ikianzia C, na ikianzia D haitoshi. Chukua kitabu cha skeli za oktava mbili, nazo zitakutosha kwa muda mrefu.