Saa ya kwenda kisiwani hutegemea maji

Unauliza kama maji ya bahari hupwa, yaani hurudi nyuma, saa ileile kila siku. Hapana, hayapwi saa ileile. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Rafiki yako aliyeshuka ufukweni saa nne asubuhi wiki iliyopita alikuta yamejaa. Wewe ukienda wiki hii saa hiyohiyo utayakuta yamepwa, na boti itatia nanga mbali nje ya mwamba, itakubidi utembee juu ya mwamba kuifikia. Nimewahi kutembea hivyo pekupeku, mkoba kichwani, matumbawe yakinichana nyayo. Angalia jedwali la maji, lenye saa za kujaa na kupwa, kwanza, ndipo uchague saa ya boti, na usisahau saa ya kurudi. Ukienda siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida wakati wa mwezi mpevu au mwandamo, kuwa mwangalifu zaidi: maji hukimbia mbali sana. Sehemu chache hujaa mara moja tu kwa siku, kwa hiyo tumia jedwali la huko unakokwenda.