Tumeweka pevingi ili maji yazame, mbona yanatuama?

SWALI: Wakazi wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam tulichanga tukaweka pevingi barabarani ili maji ya mvua yazame, hivyo hatukujenga mtaro. Masika haya maji yanatuama siku mbili nzima. Fundi anashauri tutoboe vitofali. Tukubali?

JIBU: Msitoboe, mtaharibu vitofali bure. Maji yamekwama kwenye kifusi kilicho chini ya vitofali; kilishindiliwa kwa rola ili kibebe uzito, na kikishashindiliwa hakipitishi maji kirahisi. Mchanga mliojazia mianya kati ya vitofali nao umeziba njia ndogo iliyobaki.

Hii kauli ya "pevingi inanyonya maji" kila muuzaji anayo mdomoni. Kinachonyonya ni kilicho chini yake. Ili maji yazame, juu ya udongo wa asili, usioshindiliwa sana, hulazwa kokoto kubwa za milimita 40 hadi 60 zilizooshwa. Kisha sentimita 10 za kokoto za milimita 20 hivi. Kisha sentimita 5 za kokoto ndogo za milimita 2 hadi 5. Ndipo vinakuja vitofali vya unene wa milimita 80, na mianya yake hujazwa kokoto hizohizo ndogo. Mchanga na vumbi la kokoto ni marufuku kote humo. Kokoto safi zina uwazi wa kama asilimia 30, kwa hiyo tabaka la sentimita 30 hubeba milimita 90 za mvua. Ukimwaga vumbi, umeujaza uwazi huohuo uliougharamia.

Kwenu, acheni vitofali vilivyo. Upande ambao barabara imeinamia, kateni ukingo kwa upana wa nusu mita, maji yaingie kwenye mfereji mpana wa kina kifupi uliopandwa nyasi za vetiva. Mlango huo uwe chini ya barabara kwa sentimita 5, la sivyo tope na majani vitauziba. Maji yaliyosimama mferejini yasizidi sentimita 20, na yaishe ndani ya siku mbili, kabla viluwiluwi vya mbu havijakomaa.

Pimeni kwanza: chimbeni shimo la nusu mita, jazeni maji yakauke, jazeni tena. Yakishuka pungufu ya milimita 13 kwa saa, lazeni bomba lenye matundu chini ya mfereji, lipeleke maji kwenye mtaro wa karibu. Shimo likitoa maji lenyewe, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, sahauni kuzamisha; jengeni mtaro.

Sasa wapo wanaouza "barabara za kijani", yaani za kuzamisha maji, kwa picha za simu. Asiyechimba shimo hilo kabla ya kutaja bei, mwacheni aende. Vilevile asiyeuliza barabara ya vumbi iliyo juu yenu inamwaga wapi, maana tope lake litaishia kwenye mianya yenu.