Kuchangia wadi ya watoto huku kusini: kaeni na wauguzi kabla ya kukusanya hela

Mkuu, umesema ninyi vijana wa Newala mlioko Dar mnataka kuchangia wadi ya watoto ya hospitali ya nyumbani, na mnafikiria magodoro na televisheni. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu hapa Masasi, kazi hiyo tumeifanya, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Kwanza nendeni na barua kwa mganga mfawidhi, muombe kukaa na inchaji wa wadi, yaani muuguzi anayeisimamia. Wa kwetu hakutaja godoro hata moja. Alituonyesha mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya kawaida na kuichuja bila kuhitaji mtungi, imelala stoo. Ilikuwa inadai vichujio na stebilaiza, maana umeme ulipanda na kushuka mpaka ikagoma. Fundi wa vifaa tiba alikuwepo, ila fungu la vipuri halikuwepo.

Hapo ndipo hela yetu ilipokwenda. Mtoto mchanga mwenye nimonia hutumia lita 1 ya oksijeni kwa dakika au pungufu, kwa hiyo mashine ya lita 5 ikifungwa kigawanyio inahudumia watoto kadhaa kwa pamoja. Tukaongeza kipimo cha oksijeni ya damu chenye kishikio cha watoto wachanga, kwa sababu kile cha kidole cha mtu mzima hakimkai kichanga na kinaweza kusoma uongo. Oksijeni ya damu ya mtoto ikishuka chini ya asilimia 90 anatakiwa kuwekewa oksijeni, na huwezi kulijua hilo kwa kumtazama tu. Wafadhili wengi wanapenda kitu kipya chenye utepe wa kukata. Mimi nasema fufueni kwanza kilichokufa.

Kuhusu kukusanya: huku ombeni malipo ya korosho yakishaanza kutoka, kati ya Oktoba na Desemba. Mwezi wa tatu mtu wa kusini hana kitu, na ndio wakati mvua zimekolea, malaria imepamba moto, na wadi inalaza watoto wawili wawili kitandani. Kwa hiyo hela ya msimu itunzeni. Sisi tunatumia M-Koba, mfuko wa kikundi kwenye simu, kila mwanachama anaona salio na hakuna anayetoa peke yake. Maneno ya "hela imeliwa" yakianza, mchango umekufa.

Jambo ambalo hukuliuliza ni damu, na kwangu hilo ni zito kuliko mashine. Malaria kali inammaliza mtoto damu kwa haraka mno, na mama aliyetoka kijijini na mtoto mgongoni hana ndugu wa kumchangia usiku ule. Damu inakaa kwenye friji siku 35 tu, hivyo kujaa watu mia siku moja halafu kimya mwaka mzima hakusaidii. Gawaneni makundi, mtoe kwa zamu. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke 4, awe na umri wa miaka 18 kwenda juu na uzito usiopungua kilo 50. Mlioko Dar, ndugu zenu wa Newala wanaweza kuanza wiki hii.

Siku ya makabidhiano hakikisheni kila kifaa kinaingia kwenye leja ya hospitali, na msipige picha watoto waliolazwa. Pigeni picha mashine.