Usiichomeke hiyo taa! Badilisha waya kwanza

Boss, ngoja. Hiyo elfu saba usiitume bado.

Umeandika humu jukwaani kwamba umepata taa ya meza ya shaba ya manjano, kifuniko cha kioo cha kijani, "waya wake wa kitambaa bado ni ule ule wa zamani", na muuzaji amekuhakikishia inawaka. Halafu unauliza kama itakaa vizuri na meza yako ya mvule, iwe na urefu gani, utie balbu gani, na kama bei ni ya haki. Watu wamekujibu kurasa mbili nzima habari ya rangi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya huo waya. Mimi hapo kwa waya ndipo jasho lilinitoka, maana mwaka juzi niliandika karibu maneno hayo hayo, tena kwa kujisifu, na yakanigharimu laptopu ambayo hata haikuwa yangu.

Nilikuwa nimehamia nyumba ndogo Kasarani, hapa Nairobi, nafanyia kazi kwenye kona ya sebule. Nikashikwa na huu ugonjwa wenu wa kona yenye taa ya kizamani. Nikamwona jamaa mtandaoni anauza taa kama hiyo yako, shingo ya shaba, kitako kizito cha kuvunjia nazi. Elfu sita na mia tano. Akasema ni ya enzi za mkoloni, ilikuwa ofisini kwa karani wa reli. Wauzaji wa vitu kuukuu Nairobi wana makarani wa reli wengi kuliko reli yenyewe. Tukakutana pale Archives, jengo la nyaraka za taifa katikati ya mji, nikalipa, nikapanda matatu nimeipakata kama mtoto mchanga. Makanga akaniuliza kama mtoto analipiwa kiti.

Sasa waya. Ulikuwa wa nyuzi mbili zilizosokotana, zimevishwa kitambaa cha kahawia, na mwishoni muuzaji alikuwa amefunga plagi mpya ya pini tatu. Nikaona pini tatu, nikatulia. Mjinga mimi. Plagi ilikuwa na pini tatu lakini waya ulikuwa na njia mbili tu! Ile pini ndefu ya juu, ya ardhi, yaani ya kupeleka chini stima inayoponyoka, ndani haikuwa imefungwa kitu. Imesimama tu kama askari wa geti aliyelala.

Nilikuwa na wazo la kuubadilisha, nisijidanganye. Kilichonizuia ni yule dada wa video za kupamba nyumba. Jina simtaji, lakini wengi wenu mnamfuata, hata nilimwona humu akinukuliwa wiki jana. Alisema waya wa kitambaa ndio roho ya taa, kwamba ukiubadilisha umeiua thamani, kwamba "fundi wa mtaani asiiguse". Watu maelfu wakaweka mioyo myekundu, na mimi nikiwemo. Dada, kama unasoma: roho ya taa ilitaka kuondoka na yangu. Thamani ya nini? Nilikuwa naipeleka mnada London?

Basi nikaichomeka. Ikawaka. Inapendeza, siongopi, mwanga wa kijani pembeni na wa dhahabu chini, unajiona wakili. Nikapiga picha, nikaiweka humu, mkanipa pongezi.

Siku ya tatu nikaanza kusikia muwasho kidogo kwenye vidole nikigusa shingo ya taa. Kama sisimizi. Nikasema ni baridi ya Julai. Kisha nikasema ni ule umeme mdogo wa sweta ikisuguana. Wiki mbili nimekaa na sisimizi wa umeme mezani nikiwatafutia visingizio. Fundi baadaye aliniuliza, "Ulikuwa umevaa nini miguuni?" Patipati, yaani ndala. Patipati za shilingi mia na hamsini ndizo zilizonitenga na sakafu muda wote huo. Kama siku moja ningepiga deki nikaigusa ile taa nikiwa miguu mitupu, sakafu ingali na maji, leo huu uzi ungekuwa wa matanga na mngekuwa mnachangisha.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Nina ripoti ya kumaliza. Laptopu ni ya kazini, ile yenye mwili wa chuma, imeunganishwa kwa kebo na monita. Naivuta taa karibu nione karatasi. Kitako cha shaba kikagusa ubavu wa laptopu. Pwaa! Cheche ya buluu, harufu ya kitu kilichoungua, swichi kubwa ya nyumba ikaanguka, giza. Niliketi gizani kama dakika moja nikijipapasa kama bado nipo. Niliporudisha stima, monita iliwaka. Laptopu haikuwaka tena. Jamaa wa kutengeneza laptopu aliifungua, akanionyesha bodi imeungua pembeni, akaifunga kwa upole kama daktari anayefunika mgonjwa.

Elfu themanini na tano, ikakatwa kwenye mshahara miezi saba. Jumlisha na elfu sita na mia tano. Taa ya karani wa reli.

Nikaipeleka mjini, kwa mzee mmoja wa stima kwenye ngazi za jengo fulani karibu na barabara ya Luthuli. Huyo ndiye ningemwendea siku ya kwanza. Alitoa mita, kile kifaa cha kupimia umeme, akaweka mkono mmoja wa mita kwenye pini ya plagi na mwingine kwenye shingo ya shaba. Mita ikalia. Akaniangalia. Akasema, "Kijana, hii si taa, hii ni mtego."

Alipouvuta waya nikaona. Nje kitambaa ni kizima, kinapendeza. Ndani, mpira unaozifunika nyuzi ulikuwa umekauka na kupukutika kama ganda la mandazi ya juzi, hasa pale waya unapoingia shingoni na pale juu karibu na balbu, kwa sababu joto la balbu za zamani limeukaanga miaka na miaka. Nyuzi zenye stima zilikuwa zinalala uchi juu ya shaba. Yaani taa nzima, shingo hadi kitako, ilikuwa na stima, volti 240, kila nilipoiwasha ukutani. Na kwa kuwa hakukuwa na waya wa ardhi, stima hiyo haikuwa na pa kwenda. Ilikaa tu ikisubiri mtu au kitu cha kuipeleka chini. Laptopu yangu, kupitia kebo ya monita ambayo ilikuwa na ardhi, ikajitolea.

Kama waya ungekuwa wa njia tatu na ule wa ardhi umefungwa kwenye mwili wa shaba, fyuzi, kile kipande ndani ya plagi kinachokatika stima ikizidi, ingekatika sekunde ile ile ya kwanza niliyoichomeka. Ningepoteza fyuzi. Na fyuzi yenyewe, mzee alifungua plagi akacheka: muuzaji alikuwa ameweka ya ampea 13, ya kuendesha birika la maji. Taa ya meza inatosheka na ya 3.

Kuna jambo lingine alilonionyesha ambalo lilinitia baridi zaidi. Kwenye holda ya balbu ya kuzungusha, stima inatakiwa ifike kwenye kile kitufe cha katikati chini, na ule mzunguko wa nje uwe wa kurudisha stima. Yangu ilikuwa imefungwa kinyume. Kwa hiyo kila nilipobadilisha balbu bila kuchomoa, vidole vyangu vilikuwa milimita chache kutoka kwenye stima. Nilikuwa nimebadilisha mara tatu nikitafuta ile rangi nzuri ya picha. Na usimwachie mtu yeyote akisie rangi za nyaya za zamani: Uingereza ya zamani nyeusi ilikuwa ya kurudisha na nyekundu ndiyo yenye stima, Marekani nyeusi ndiyo yenye stima. Huo waya wako wa kitambaa nina hakika njia zote mbili ni kahawia. Ni mita tu inayosema ukweli.

Alitoa kila kitu. Akaweka waya mpya wa njia tatu (kahawia, buluu, na ule wa kijani na manjano), akafunga wa ardhi kwa skrubu kwenye kitako, holda mpya, plagi mpya, fyuzi ya 3. Hata waya mpya wenye kitambaa upo, kwa hiyo ile sura hupotezi, dada wa video atulie. Nililipa elfu moja na mia nne, waya na ufundi. Pigeni hesabu wenyewe kati ya hiyo na tisini na moja elfu na mia tano.

Kwa hiyo, boss: ukiinunua, itoke mkononi mwa muuzaji iende kwa fundi mwenye mita. Isipite nyumbani. Usiijaribu "kidogo tu". Kuwaka si ushahidi wa chochote, yangu iliwaka vizuri sana. Muuzaji akikataa fundi wako aifungue, mwachie karani wake wa reli. Na umwombe huyo fundi aje aangalie soketi zako pia, maana plot zetu nyingi, hizi nyumba za kupanga, soketi ina tundu la ardhi ambalo nyuma yake hakuna waya, na hapo kazi yote ya taa inakuwa bure.

Ikiwa imetoka Marekani na ina balbu ndani, itoe hiyo balbu. Ni ya volti 120, hapa itapasuka. Na adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, haipunguzi volti, hata muuzaji aape.

Maswali yako mengine. Balbu weka LED ya wati 8 hivi, joto lake ni dogo, kioo na waya vitakushukuru. Nunua iliyoandikwa 2700K au 3000K, hiyo ni rangi ya mwanga, wa manjano-manjano. Zile za nyuzi za dhahabu za kizamani ni za picha na za baa, ukisoma nazo saa mbili macho yanatoka machozi. Ukitaka mpya ya kuiga zamani pia sawa, ila kama waya ni wa njia mbili geuza kitako utafute alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake ina kinga maradufu na haihitaji ardhi. Ikikosekana na mwili ni chuma, irudishe.

Bei, jaribu kumshusha kwa gharama ya waya, mwambie unanunua mwili tu. Rangi na mvule sijui. Urefu uliuliza kwa nini, hiyo meza ya mvule ina kimo gani?

Ule waya wa zamani bado ninao kwenye mkebe wa Blue Band. Nikifika nyumbani nitaupiga picha niuweke hapa, saa hii niko Roysambu kwa jam na simu iko asilimia nne. Usitume hizo pesa kabla hujaiona.