Kwa mnaoanza kutembelea washarika walioacha kuja kanisani: daftari liache nyumbani

Mmechaguliwa kwenye timu ya kutembelea watu, hongereni na poleni kabisa. Mi huu mwaka wa nane naifanya hii kazi huku kwetu usharikani, na mwanzoni hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kitu, nilipewa tu orodha ya majina nikaambiwa nenda.

Basi nikaenda, tena na daftari la ahadi kwapani, lile la nani kalipa na nani bado, maana mzee mmoja aliniambia ukishafika huko mkumbushe na deni lake kabisa. Nilikuwa namfuata fundi friji mmoja, miaka mitatu haonekani kanisani. Nikapiga hodi, akatoka mtoto, akaniangalia usoni, akaliangalia daftari, akarudi ndani mbio, kidogo akaja mama mwenye nyumba, "Karibu mtumishi, ila baba yao katoka." Na ndala za fundi ziko pale mlangoni zimelowa, mtu katoka kuoga sasa hivi! Nikaaga nikaondoka. Mtu namwambia Mungu anamwita nyumbani huku nimebeba bili, we ungefungua mlango?

Kabla hujatoka kwenda kwa mtu isome Luka 15 yote, usirukie mwana mpotevu tu. Inaanza na Mafarisayo wananung'unika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi, ndo anawapa kondoo mmoja kati ya 100, shilingi moja kati ya 10, halafu mwana mmoja kati ya wawili, yaani hesabu inazidi kubana. Afu linganisha mstari wa 19 na wa 21. Huyo mwana mpotevu akiwa kule kwa nguruwe alijiandalia maneno ya kumwambia baba yake vizuri, nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika nyumbani akaanza kuyasema ila ile ya watumishi hajaifikia, mzee, yaani baba yake, keshaita watu walete vazi, pete, viatu, na ndama achinjwe. Na kumbuka huyo mzee alimwona angali mbali akamkimbilia, mtu mzima na heshima zake anakimbia njiani. Sasa sisi huwa tunakaa kwenye kochi la mtu tunasubiri hotuba yake mpaka mwisho, na ikiwa fupi tunamuuliza maswali ya nyongeza.

Mara ya pili kwa fundi nikaenda mikono mitupu, jumamosi mchana. Nikamkuta uani kapindua friji, anahangaika na waya nyuma huko, akaniambia nimulikie hapa. Nikamulika na simu karibu saa nzima, mkono ukafa ganzi, kanisa sikulitaja hata mara moja. Anafunga skrubu ya mwisho ndo akauliza mwenyewe, "Hivi ile ibada ya kwanza bado mnaanza saa moja?" Nikamwambia bado. Basi.

Kama mtu alitengwa na kanisa na anatakiwa kurudi kundini, mweleze mapema utaratibu ulivyo, aongee na mchungaji kwanza, atasimama wapi, ataulizwa nini. Wengi wanachoogopa sio Mungu, ni kusimama mbele ya macho yale yote bila kujua kinachofuata.

Ila ishu kubwa haiko huko nje, iko ndani kwetu. Fundi alikuja kweli, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ibada imeisha tunasalimiana, mwenzetu mmoja akapaza sauti, "Eeh, leo mvua itanyesha!" Watu wakacheka, fundi naye akacheka. Hakurudi miezi miwili.

Yule kaka mkubwa kwenye ile stori ya mwana mpotevu hasemi "ndugu yangu", anasema "huyu mwana wako", na analalamika hajawahi kupewa hata mwana-mbuzi. Huyo ndo sisi, wa kila jumapili, tunaojua bahasha zetu za sadaka ziko namba ngapi. Na baba alitoka nje kumbembeleza huyo pia, hilo watu wanalisahau, alitoka mara mbili siku moja. Kama aliingia au aligoma, Yesu hakusema.

Kwa hiyo kabla hujamwalika mtu, ongea kwanza na wanaopokea mlangoni na wazee wa mtaa wako, utani wa mvua marufuku, na "ulipotelea wapi" nayo marufuku, inatosha "karibu, kaa hapa". Mi sasa hivi huwa namwekea fundi nafasi benchi lile lile la mwisho, naweka kitabu changu cha nyimbo. Kuna jumapili anakuja, kuna jumapili nakichukua kitabu changu naondoka nacho. Feni ya upande ule ilianza kukoroma mwezi uliopita, akaja jumatano na bisibisi zake bila kuitwa na mtu.