"On an even keel" si shwari: jibu kwa aliyeuliza kuhusu tangazo la ofisini kwao

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Ndugu uliyeuliza, umesema mkuu wenu ameandika "We must keep the department on an even keel", nawe umepewa kazi ya kuitia Kiswahili ibandikwe ubaoni. Umeandika "tuiweke idara kwenye mkuku sawa", na mchangiaji mmoja hapo juu amekushauri uandike tu "mambo yawe shwari". Nakuomba yote mawili uyaache, na hilo la shwari uliache upesi zaidi, maana mimi lilishaniponza na likawaponza na wenzangu.

Tuanze na neno lenyewe. "Keel" ni mkuku, ule mti wa chini kabisa unaopita katikati ya chombo kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Ukienda Nungwi utawakuta mafundi wameulaza mchangani kabla ya kitu chochote, ndipo wasimamishe mataruma, zile mbavu za chombo, juu yake. Kwa hiyo hukukosea neno, ila msomaji wa ubaoni atajiuliza idara na mkuku wapi na wapi. Kwa mabaharia, chombo kilicho "on an even keel" ni kile kilichozama kina kimoja omo na tezi, wala hakikulala ubavu. Habari ni ya namna kilivyokaa majini.

Hili mimi nililijua kwa macho kabla sijalijua kwa Kiingereza. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi lililochukua saruji na unga kutoka Malindi ya Unguja kwenda Mkoani, Pemba, na likizo za skuli nilikuwa naye. Wapagazi wakishamaliza kupakia na kukaa kupumzika, yeye hushuka kwenye kimtumbwi akalizunguka jahazi polepole, akihesabu mbao zilizobaki juu ya maji, mbele kisha nyuma. Siku moja akapiga ukelele kutoka kule chini: "Omo limelemewa! Hivi halitosikia usukani. Toeni mifuko kumi mpeleke tezi." Watu jasho linawatiririka, saruji imewaganda shingoni, wananung'unika, lakini mifuko ikahama. Akazunguka tena. Akataka miwili zaidi, kutoka ubavu wa kulia kwenda wa kushoto. Na siku hiyo upepo ulikuwa mkali, kila mtu anajua huko nje baina ya Unguja na Pemba bahari imechafuka. Bahari hakuwa na la kuifanya. Chombo alikuwa nalo.

Sasa shika hapo. Shwari ni hali ya bahari. "Even keel" ni hali ya chombo, na mara nyingi Mwingereza huyatumia maneno haya hasa pale bahari inapokuwa si shwari.

Mwaka 2020 wageni walipokatika, nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya pwani. Meneja, mgeni asiyejua Kiswahili, alituandikia barua kwamba lengo ni "to keep the business on an even keel", nami nikaombwa niwasomee wenzangu. Nikasema: "Anasema mambo yatakuwa shwari." Nilivyoona nyuso zao zinavyokunjuka, nami nikafurahi. Mama mmoja wa jikoni alikwenda siku ileile akakopa bati za nyumba yake. Mwisho wa mwezi mishahara ikakatwa nusu, na kwa haki ya Mungu barua haikuwa imedanganya. Ilisema tutahamisha mizigo ili tusizame. Mimi ndiye niliyeahidi bahari tulivu. Yule mama hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kiswahili chetu kina neno la baharini la kujibia hili, tena liko midomoni mwetu kila siku: mrama. Chombo huenda mrama kinapoyumba huku na huku, na sisi husema biashara imekwenda mrama, ndoa imekwenda mrama. Basi "even keel" ni kinyume chake. Andika "tuhakikishe idara haiendi mrama", na msomaji wa Makunduchi au wa Micheweni ataelewa bila kuelezwa. Ukitaka maneno ya kiofisi zaidi, "idara iendelee na kazi zake bila kuyumba".

Utayakuta pia kwa mtu. "She is back on an even keel" ni mtu aliyepitia msiba au maradhi na sasa ametengemaa, moyo umetulia. Pengine majonzi bado anayo. Wamarekani hupenda kumwita mtu asiyepandwa na hasira wala kubabaika "even-keeled", yaani mtulivu. Ukiandika mwenyewe kwa Kiingereza, ni "on an", usiweke "in". Wala usiyatumie kwa kusifu mafanikio: duka lililo "on an even keel" linalipa kodi na madeni yake, halijatajirika. Na "keel over" ni jambo jingine kabisa, ni chombo kupinduka, au mtu kuanguka ghafla kwa kuzimia.

Kwa tangazo lako, kabla hujalibandika, soma sentensi inayofuata kwenye barua ya mkuu wenu. Wanaoandika "even keel" huwa wana mifuko ya kuhamisha: watu kubadilishwa vitengo, safari kufutwa, posho kupunguzwa. Kama ipo, itafsiri nayo kamili, uiweke mstari uleule na "haiendi mrama". Ukipenda iweke hapa tuitazame pamoja, leo niko mtandaoni mpaka baada ya isha.